Mazingira ya Antena: Mwongozo wa Usikivu wa Redio ya Nguvu Ndogo ya AM katika Eneo la Natta

Redio ya nguvu ndogo inayorusha matangazo kwa AM, yaani kwa kukibadilisha kimo cha wimbi kulingana na sauti inayobebwa, huyategemea mazingira yake kuliko mtambo mkubwa unavyoyategemea, kwa sababu mtambo mkubwa una nguvu ya ziada ya kufidia hasara inayosababishwa na paa la mabati, mti mbichi au ardhi kavu, ilhali mtambo wa wati chache hauna cha kufidia. Mwongozo huu umekusudiwa kwa shule, zahanati, serikali ya kijiji au kikundi cha wananchi katika eneo la Natta, Wilaya ya Serengeti, kinachofikiria kuanzisha matangazo ya aina hiyo, na vilevile kwa fundi atakayeitwa kuchagua kiwanja cha antena. Hoja yake kuu ni kwamba usikivu wa mtambo mdogo huamuliwa zaidi na mita chache zinazoizunguka antena na mita chache zinazokizunguka kipokezi kuliko na vilima na mabonde yaliyo katikati, na kwa hiyo kazi ya jembe, panga na waya mara nyingi huleta faida kubwa kuliko fedha za kununulia mtambo wenye nguvu zaidi.

Kabla ya yote, ni lazima ieleweke kwamba nchini Tanzania hakuna mtu anayeruhusiwa kurusha matangazo bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo hutekeleza Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 na ambayo ofisi yake ya Kanda ya Ziwa ipo Mwanza. Maelezo yanayopatikana katika vitabu vya Marekani, ambako kanuni huruhusu mtambo wa miliwati 100 wenye antena, waya wa kulisha na waya wa ardhi visivyozidi jumla ya mita 3 kutumika bila leseni, hayampi mkazi wa Natta ruhusa yoyote, ingawa fizikia iliyomo ndani yake ni ileile. Uingereza nayo imekuwa ikitoa leseni za redio za hospitali na vyuo zenye nguvu ya wati 1 tu katika mawimbi ya kati, na mfano huo unaonyesha kwamba huduma ya jamii ndogo haihitaji nguvu kubwa pale kiwanja kinapochaguliwa kwa makini.

Urefu wa wimbi na ukubwa wa vitu

Kitu chochote kilicho karibu na antena huathiri wimbi kulingana na ukubwa wake ukilinganishwa na urefu wa wimbi lenyewe, yaani umbali kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata. Kwa mpango uliokubaliwa Geneva mwaka 1975, ambao Tanzania imo ndani yake, vituo vya mawimbi ya kati hupangwa kwa nafasi ya kilohezi 9, kuanzia kilohezi 531 hadi 1602. Katika kilohezi 531 wimbi moja lina urefu wa takriban mita 565, na katika kilohezi 1602 lina urefu wa takriban mita 187. Nyumba ya kawaida, mwembe, gari au kibanda cha soko ni vitu vidogo mno mbele ya mawimbi hayo, na wimbi huvizunguka bila shida vinapokuwa mbali na antena.

Hali hiyo ni tofauti kabisa na ile ya FM, ambayo wakazi wengi wa Mkoa wa Mara wameizoea kupitia vituo kama Victoria FM ya Musoma na Mazingira FM ya Bunda. Wimbi la FM lina urefu wa takriban mita 3, hivyo kilima kimoja huweza kulizuia na kuacha bonde zima bila matangazo, na ndiyo maana minara ya FM hupandishwa milimani. Fundi aliyezoea FM akipewa kazi ya AM huelekea kutafuta kilele cha mlima, na kwa kufanya hivyo huenda akachagua mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa kilele chenye mwamba mkavu hunyima antena ya AM kitu inachokihitaji zaidi, nacho ni ardhi inayopitisha umeme.

Ardhi kama sehemu ya antena

Antena ya AM kwa kawaida ni waya au mlingoti uliosimama wima, na mkondo wa umeme unaopanda ndani yake hauna budi kurudi kupitia ardhini. Kwa maneno mengine, ardhi inayoizunguka antena ni nusu ya pili ya antena, na iwapo nusu hiyo ni mbovu, nguvu inayotoka mtamboni hugeuka joto udongoni badala ya kuwa mawimbi. Wimbi linalotoka husafiri mchana likiambatana na uso wa dunia, na kwa sababu hiyo huitwa wimbi la ardhini. Nalo pia hupoteza nguvu kidogokidogo kulingana na aina ya udongo linamopita.

Uwezo wa ardhi wa kupitisha umeme hupimwa kwa milisimensi kwa mita. Udongo mkavu wa kichanga na miamba ya itale huwa na kiwango cha 1 au chini yake, ilhali udongo mzito wenye unyevu huweza kufikia 10 hadi 30. Eneo la Natta lina aina zote mbili kwa ukaribu: kuna udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbuga, ule unaonata miguuni wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi, na kuna miinuko yenye changarawe na majabali ya itale ambayo ni sura ya kawaida ya sehemu kubwa ya Mkoa wa Mara. Kwa kituo cha AM, ukingo wa mbuga usiofurika maji ni kiwanja bora kuliko kilima chenye majabali, hata kama kilima hicho kinaonekana kutoka vijiji vyote. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya Mto Mara katika nyanda za juu za Tarime, mtu akichagua kiwanja anapaswa kufuata kanuni hiyohiyo, yaani kutafuta udongo mzito wa bondeni au wa shamba la migomba badala ya mgongo wa mwamba.

Inafaa kusahihisha hapa dhana moja ambayo husikika kwa watu waliosoma kuhusu redio za pwani. Ni kweli kwamba wimbi la ardhini husafiri mbali sana juu ya bahari, kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha takriban simensi 5 kwa mita, yaani milisimensi 5,000. Maji ya Ziwa Victoria, hata hivyo, ni maji baridi yenye chumvi kidogo mno, na upitishaji wake ni takriban milisimensi 10 tu kwa mita, sawa na udongo mzuri wa shambani na mara 500 chini ya bahari. Kuwa karibu na ziwa, au karibu na Mto Grumeti ambao hutiririsha maji yake katika ziwa hilo, hakuleti basi faida ambayo Dar es Salaam au Zanzibar huipata kutoka baharini.

Umuhimu wa ardhi huonekana wazi zaidi kwa hesabu. Mlingoti wa mita 10 katika kilohezi 1602 una ukinzani wa mnururisho, yaani sehemu ya ukinzani inayowakilisha nguvu inayogeuka kuwa mawimbi, wa takriban omu 1.1 tu. Ikiwa udongo na koili inayounganishwa na mlingoti kwa pamoja vina ukinzani wa hasara wa omu 40, antena hurusha chini ya asilimia 3 ya nguvu inayopewa. Hasara hiyo ikishushwa hadi omu 15, antena hurusha karibu asilimia 7. Mtambo wa wati 10 utakuwa umefanya kazi ya mtambo wa wati 25 bila kuongezewa hata wati moja. Mlingoti huohuo ukitumika katika kilohezi 603, ukinzani wake wa mnururisho hushuka takriban mara saba, na hasara ya ardhini huzidi kutawala. Wimbi la masafa ya chini hupungua polepole zaidi juu ya udongo, lakini kwa mlingoti mfupi na kwa umbali wa kilomita chache faida hiyo haiwezi kufidia upungufu wa antena, na kwa hiyo mwombaji wa leseni mwenye mlingoti mfupi ana sababu nzuri ya kuiomba Mamlaka impangie sehemu ya juu ya bendi.

Njia ya kushusha hasara ni kulaza nyaya za shaba ardhini zikitawanyika kutoka chini ya mlingoti kuelekea pande zote. Utafiti wa Brown, Lewis na Epstein uliochapishwa mwaka 1937 ndio uliowafanya wajenzi wa vituo vikubwa kuzoea nyaya 120, kila moja ikiwa na urefu wa robo ya wimbi au zaidi, lakini kituo kidogo kinaweza kupata sehemu kubwa ya faida hiyo kwa nyaya 16 hadi 32, kila moja ikiwa na urefu usiopungua kimo cha mlingoti na, nafasi ikiruhusu, mara mbili yake. Nyaya hufukiwa kina cha sentimita chache tu, kiasi cha kuzikinga dhidi ya jembe na kwato za ng'ombe. Kuzifukia kina kirefu hakuongezi faida. Chuma kimoja kilichopigwa ardhini, ambacho mafundi wengi wa umeme wa majumbani hutosheka nacho, kinafaa kwa usalama wa radi lakini hakitoshi kabisa kuwa ardhi ya antena, hasa mahali ambapo mwamba upo karibu na uso wa nchi.

Mita za kwanza kutoka kwenye mlingoti

Antena iliyo fupi kuliko robo ya wimbi hufanya kazi baada ya kuunganishwa na koili inayoufuta uwezo wake wa kuhifadhi chaji, na muungano huo hufikia kilele chake katika masafa finyu mno. Mlingoti wa mita 10 una uwezo wa takriban pikofaradi 70. Kitu kilicho jirani kikiongeza pikofaradi 2 tu juu ya hizo, kilele cha antena katika kilohezi 1602 huhama kwa takriban kilohezi 23, yaani zaidi ya nafasi mbili za vituo, na nguvu inayorushwa huweza kushuka chini ya robo ya ile ya awali ingawa mtambo unaendelea kuwaka na taa zake zote zinaonyesha hali ya kawaida. Uzi wa litungu la Wakuria ukiguswa kidogo na kidole hupoteza mlio wake, na antena fupi nayo huguswa vivyo hivyo na kila kinachosogea karibu yake. Zaidi ya hayo, kadiri hasara ya ardhini inavyopunguzwa ndivyo kilele kinavyokuwa chembamba, na kwa hiyo antena iliyotengenezwa vizuri huathiriwa na majirani zake kwa urahisi kuliko antena mbovu. Jambo hilo huwashangaza mafundi wengi na kuwafanya walaumu kazi yao nzuri.

Vitu vinavyoleta athari hiyo katika mazingira ya Natta vinajulikana. Paa la mabati ni la kwanza. Mlingoti ukisimamishwa ubavuni mwa nyumba yenye paa la mabati, sehemu ya umeme wa antena huingia katika paa hilo, na kwa kuwa paa halijaunganishwa na nyaya za ardhini, nguvu hupotelea katika mbao, kuta na viungo vyenye kutu. Viungo vya kutu vina ubaya mwingine, kwani hupitisha umeme upande mmoja zaidi kuliko mwingine na hivyo kuzalisha mawimbi ya masafa yasiyokusudiwa, ambayo yanaweza kuwasumbua watumiaji wengine wa bendi. Kanuni ya kufuatwa ni kuuweka mlingoti mbali na paa kwa umbali usiopungua kimo chake, na inapowezekana mara mbili ya kimo hicho. Iwapo hakuna njia ila kuuweka juu ya paa, mabati yote yaunganishwe kwa waya mnene, kipande kwa kipande, kisha yaunganishwe na nyaya za ardhini, ili paa ligeuke kuwa sehemu ya ardhi ya antena.

Miti hufuata. Mti mbichi una maji yenye chumvichumvi ndani yake na hivyo hupitisha umeme kiasi cha kufyonza nguvu unapokuwa karibu. Mikaratusi iliyopandwa kuzunguka majengo ya shule huwa mirefu kuliko mlingoti wenyewe, na ikiwa mita mbili au tatu kutoka kwenye waya husababisha hasara inayobadilika kwa majira: wakati wa mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, majani huwa mabichi na yenye maji, ilhali katika kiangazi cha Julai na Agosti athari hupungua. Wale wanaofunga waya wa antena kwenye tawi la mgunga ili kuokoa gharama ya mlingoti wanapaswa angalau kuutenga waya na tawi kwa kamba ya nailoni yenye urefu wa mita moja au mbili, na kuhakikisha kwamba majani hayagusi waya hata upepo unapovuma. Msitu ulio mbali, kwa upande mwingine, si wa kuhofiwa, na hakuna haja ya kukata mti wowote uliopo zaidi ya mara mbili ya kimo cha mlingoti; kukata miti ya kivuli ya kijiji kwa ajili ya redio ya AM ni hasara isiyo na malipo.

Vitu vinavyotembea ndivyo vinavyochanganya zaidi, kwa kuwa athari yake huja na kuondoka. Lori linaloegeshwa karibu na mlingoti siku ya mnada, magari ya watalii yanayosimama njiani kuelekea lango la Ikoma la Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, na hata kundi la ng'ombe linalojikuna kwenye nguzo huongeza uwezo wa antena wa kuhifadhi chaji na kuhamisha kilele. Kwa hiyo sehemu ya chini ya mlingoti izungushiwe uzio, lakini uzio huo usiwe wa seng'enge, kwani waya huo utafanya yaleyale yanayofanywa na lori na utayafanya wakati wote. Boma la miiba, ambalo wafugaji wa Serengeti hulijenga kwa ustadi kwa ajili ya mifugo yao, au ua wa mbao uliofungwa kwa kamba, hutosha kabisa na hauathiri umeme wa antena ukiwekwa mita tatu au nne kutoka kwenye mlingoti. Uzio huo unahitajika pia kwa usalama wa watoto, kwa sababu volti katika antena fupi iliyounganishwa na koili huweza kuwa kubwa kuliko nguvu ya mtambo inavyodokeza, na mtu akiishika huungua ngozi.

Minara, nguzo na nyaya ndefu

Imeelezwa kwamba vitu vidogo vilivyo mbali havina madhara. Kuna vitu, hata hivyo, ambavyo urefu wake unakaribia robo ya wimbi, na hivyo havihesabiwi kuwa vidogo. Robo ya wimbi katika kilohezi 1602 ni takriban mita 47, na mnara wa simu wenye kimo cha mita 45 uliounganishwa ardhini ni, kwa bahati mbaya, antena karibu kamili kwa masafa hayo. Mnara wa namna hiyo hupokea wimbi la kituo na kulirusha tena, na mawimbi hayo mawili hujumlishana katika baadhi ya pande na kufutana katika pande nyingine, hata kijiji kimoja kikasikia vizuri kuliko ilivyotarajiwa na kijiji kingine chenye umbali uleule kikakosa. Kanuni za Marekani zilizotolewa mwaka 2013 huwataka wajenzi wa minara mipya kuchunguza athari hiyo pale mnara unapokuwa ndani ya urefu wa wimbi moja kutoka kituo cha AM kinachorusha pande zote, na unapozidi kimo cha sehemu ya sita ya wimbi, ambayo katika kilohezi 1602 ni takriban mita 31. Kipimo hicho kinafaa kutumika Natta kama mwongozo wa busara: antena isisimamishwe ndani ya mita 200 kutoka mnara wa simu, na ikiwezekana iwe mbali mara mbili ya hapo.

Nyaya za umeme za kilovolti 33 zinazosambaza umeme vijijini huleta tatizo la namna mbili. Kwanza, waya mrefu ulio juu ya nguzo hunasa wimbi la kituo na kulipeleka mbali kwa kulifuata, na hivyo redio iliyo chini ya laini ya umeme huweza kusikia kituo katika umbali ambao redio iliyo shambani haiwezi. Mpimaji anayefuata barabara ya Natta kuelekea Mugumu bila kuliangalia hilo hudanganyika kirahisi, kwa kuwa mahali pengi barabara na nyaya hukaa pamoja, na ramani yake huonyesha eneo refu kama mkanda ambalo halipo kwa wasikilizaji wanaoishi mbali na nguzo. Pili, nyaya hizo huleta kelele, na suala la kelele linastahili kuangaliwa peke yake. Kwa upande wa usalama, mlingoti lazima usimamishwe mahali ambapo ukianguka upande wowote hautaweza kuugusa waya wa umeme, na sharti hili halina mjadala.

Vilima havihitaji maelezo marefu. Wimbi la ardhini hujipinda juu ya vilima vyenye mteremko wa pole, na miinuko ya kawaida kati ya Natta na vijiji jirani hupunguza nguvu kwa kiasi kidogo ukilinganisha na hasara inayotokea chini ya mlingoti usio na nyaya za ardhini. Mahali ambapo kilima hudhuru kwa kweli ni pale kinapokuwa cha mwamba mtupu kwa kilomita nyingi, na hapo kinachodhuru ni mwamba kuliko kimo.

Kelele na kipokezi

Usikivu hauamuliwi na nguvu ya wimbi peke yake, bali na tofauti kati ya wimbi na kelele, yaani mchanganyiko wa mikwaruzo na mivumo ambao kipokezi hukusanya kutoka kila upande. Kituo chenye wimbi dhaifu kinasikika vizuri katika boma lisilo na umeme, na kituo hichohicho hakisikiki kabisa katika nyumba yenye taa za bei nafuu. Ndiyo maana kusambaa kwa umeme vijijini, ambako ni neema isiyo na shaka kwa Natta na vijiji vyake, kumepunguza eneo la usikivu wa AM bila mtambo wowote kubadilishwa.

Vyanzo vya kelele hutambulika kwa sauti zake. Taa za LED, chaja za simu na kidhibiti chaji cha sola hutoa mvumo mkali usiokatika, ambao hutoweka mara kifaa kinapozimwa. Uzio wa umeme wa kuzuia tembo, mahali ulipo, hutoa mlio mfupi unaojirudia takriban kila sekunde. Nguzo ya umeme yenye vikombe vilivyopasuka au vifungo vilivyolegea hutoa ngurumo nzito, ambayo huzidi wakati wa kiangazi mbao za nguzo zinaposinyaa na huweza kunyamaza kwa siku kadhaa baada ya mvua. Kelele ya aina hiyo iripotiwe kwa Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) pamoja na namba ya nguzo, kwa sababu huwa pia dalili ya hitilafu inayokuja. Radi nazo, katika bonde la Ziwa Victoria ambalo ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi duniani, hutoa mikwaruzo ya ghafla ambayo hakuna mpangilio wa vitu unaoweza kuiondoa, na dawa yake pekee ni kupanga vipindi muhimu asubuhi, kabla mawingu ya alasiri hayajajengeka. Ngurumo zinaposikika karibu, antena itenganishwe na mtambo na kuunganishwa moja kwa moja na ardhi.

Usiku huleta kizuizi cha aina nyingine. Mchana, tabaka la chini la anga lenye ioni hufyonza mawimbi ya kati yanayopanda juu. Jua linapotua tabaka hilo hutoweka, na mawimbi ya vituo vikubwa vya nchi za mbali huakisiwa kutoka tabaka la juu na kutua Serengeti juu ya masafa yaleyale. Kituo kidogo kilichosikika kilomita kadhaa saa nane mchana huweza kubaki na sehemu ndogo tu ya eneo hilo ifikapo saa mbili usiku, ingawa hakuna kilichobadilika katika kiwanja chake.

Namna ya kupima

Upimaji unaofaa huanza kabla ya mlingoti kusimamishwa. Mpimaji achukue redio ndogo ya betri yenye bendi ya AM, aiweke katika masafa yanayokusudiwa, na apite katika kila kiwanja kinachofikiriwa na katika vitongoji vinavyotarajiwa kusikiliza, akiandika kelele aliyoikuta na chanzo chake. Kazi hii ya siku chache hutoa ramani ya kelele, ambayo kwa maoni ya mwandishi wa mwongozo huu ina thamani kuliko hesabu yoyote ya nguvu, kwa kuwa huonyesha mapema ni kaya zipi hazitafikiwa hata mtambo ukiongezwa maradufu. Ikumbukwe kwamba, hata bila hasara ya udongo, ili kuufikia umbali wa mara mbili nguvu inayorushwa lazima iongezwe mara nne.

Baada ya leseni kupatikana na mtambo kuwashwa, upimaji urudiwe kwa njia tatu au nne zinazotawanyika kutoka kwenye mlingoti, mathalani kuelekea Isenye, kuelekea Mugumu, kuelekea Robanda na kuelekea upande usio na barabara kuu. Katika kila kituo cha kupimia mpimaji aondoke angalau mita 50 kutoka kwenye gari, uzio wa waya na laini ya umeme, aishike redio ikiwa imelala kama kawaida, na aizungushe polepole. Redio nyingi za AM zina ndani yake fimbo ya feraiti, yaani kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba, ambacho hupokea vizuri kituo kinapokuwa ubavuni mwake na kupokea hafifu mno ncha yake inapoelekea kituo. Tabia hiyo humsaidia mpimaji kutambua mwelekeo halisi wa wimbi: ikiwa ncha haielekei kwenye mlingoti pale sauti inapofifia, basi wimbi linalosikika linatoka kwenye kitu kingine, kama waya wa umeme au mnara, na kipimo hicho kiwekewe alama ya shaka.

Vipimo vichukuliwe kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, kisha virudiwe usiku katika vituo vilevile. Virudiwe pia mara mbili kwa mwaka, mwishoni mwa masika na mwishoni mwa kiangazi, kwa sababu udongo wa mbuga ukikauka na kupasuka hubadilisha ukinzani wa ardhi na pia kilele cha antena. Koili iliyotengenezwa na sehemu kadhaa za kuunganishia humwezesha fundi kurudisha kilele mahali pake kwa dakika chache, mradi awe ameandika ni sehemu ipi iliyotumika katika kila majira.

Upande wa msikilizaji

Sehemu ya mwisho ya njia ya wimbi ni nyumba ya msikilizaji, na hapa ushauri mfupi unaotangazwa mara kwa mara huongeza eneo la usikivu bila gharama. Nyumba ya udongo yenye paa la nyasi haizuii mawimbi ya kati. Nyumba ya matofali yenye paa la mabati hupunguza kiasi, na redio hufanya vizuri ikiwekwa karibu na dirisha au barazani. Kibanda chenye kuta za mabati hupunguza sana, na duka lililo ndani ya kontena la chuma huzima karibu kila kitu, hivyo redio ya duka hilo iwekwe mlangoni au nje. Msikilizaji asiiweke redio juu ya betri ya sola, kando ya chaja au juu ya kabati la chuma, na anapokuta kelele aizungushe redio mpaka kelele ipungue, hata kama kituo nacho kinapungua kidogo, kwa kuwa sikio hufaidika na tofauti kati ya viwili hivyo.

Pale ambapo kaya nyingi hazipati usikivu mzuri, kituo kinaweza kurudia utaratibu ambao Tanzania iliutumia kwa mafanikio mwaka 1973 katika kampeni ya Mtu ni Afya, iliyotangazwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambapo watu wapatao milioni mbili walijifunza katika vikundi, kila kikundi kikiizunguka redio moja. Kikundi kimoja katika kila kitongoji kikitafutiwa mahali palipopimwa, penye umbali wa kutosha kutoka nguzo za umeme na mapaa ya mabati, kitawafikishia matangazo watu ambao redio zao za nyumbani zisingeweza kuyapata. Mahali hapo paandikwe katika daftari la kituo pamoja na upande ambao redio inapaswa kuelekezwa, ili kiongozi mpya wa kikundi asianze kutafuta upya.